Sisi Si Wahandisi

Kwenye fomu ya kazi, palipoulizwa elimu, binti yule aliandika uongo: sekondari tu.

Shahada yake ya uhandisi wa majengo ilikuwa nyumbani, chini ya godoro la mama yake. Miaka miwili aliizungusha ofisi kwa ofisi mpaka ikachakaa pembe. Wakati huohuo kazi za umeme wa jua zilikuwa zinaota kama uyoga, kila paa linataka paneli. Ila bosi wa kampuni alikuwa na sharti moja: hataki wasomi. "Msomi wiki ya kwanza anabishana nawe," alisema, "wiki ya pili ameshaondoka."

Basi akajifanya mbumbumbu. Mafundi wakamwita Waya, kwa wembamba wake.

Fundi mkuu, mtu wa makamo mwenye masihara, alimpenda kama mwanawe. "Mimi na shule tuligombana mapema," alizoea kusema, "na hakuna aliyekuja kutupatanisha." Lakini mteremko wa paa aliukadiria kwa jicho, na kipimo hakikumsuta hata siku moja. Waya alipomuuliza amejifunzia wapi, alicheka.

"Mtaani, mwanangu. Kule hakuna likizo."

Mwezi wa tatu wakapewa ghala kuukuu: paneli sitini juu ya paa lililobebwa na kenchi za mbao. Waya akapanda darini na tochi. Mchwa walikuwa wamekula walivyotaka. Akapiga hesabu kichwani, akairudia, jibu likawa lilelile: bila nguzo za kuegemeza, paa lile halibebi hata hamsini.

Fundi mkuu naye akapanda. Akagonga kenchi kwa nyundo, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akamtazama Waya kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo.

"Unaonaje?"

Nusura Waya aseme. Akamkumbuka mama yake na vidonge vyake vya presha. Mtu wa sekondari tu ayajulie wapi mambo ya uzito na mihimili?

"Wewe ndiye mkubwa, fundi."

Fundi mkuu akashusha pumzi. "Haya. Kesho tunapandisha. Sisi si wahandisi, sisi ni mikono tu."

Kesho yake, kwenye paneli ya arobaini na nne, mbao zililia mara moja. Fundi mkuu alikuwa juu ya paa, Waya chini ameshika kamba. Kamba ikalegea mikononi mwake, halafu vumbi likafunika kila kitu. Fundi mkuu walimfikia saa tisa alasiri, keshakata roho.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, Waya alimfuata mjane chumbani, akapiga magoti.

"Mama, mimi nilijua," alisema. "Nimesomea majengo chuo kikuu. Nilijua paa halibebi, nikanyamaza nisifukuzwe kazi. Mumeo nimemuua mimi."

Mjane hakulia wala hakumfukuza. Alifungua kabati, akatoa bahasha, akampa. Ndani mlikuwa na shahada ya uhandisi wa majengo, daraja la kwanza, yenye jina la marehemu.

"Jioni ya kuamkia ajali alishika simu ampigie bosi, amwambie paa ni bovu," alisema mjane. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya."