Kopi ya Dakta Nasike

"Mara mbili tu! Dunia nzima makala ya Dakta Nasike imetajwa na wasomi wawili. Uprofesa hapati!"

"Umehesabia wapi, mzee?" Chepe, mwenye kibanda cha fotokopi getini kwa chuo, alikuwa keshaingia bila hodi.

"Kwenye kompyuta," akafoka mwenyekiti wa kamati ya vyeo.

"Kompyuta yako haijawahi kufika shamba!" Akabamiza mezani makala yenyewe, kuhusu ugonjwa wa mihogo, kingo nyeusi kwa alama za vidole. "Hii ndiyo ninayoitolea kopi. Mwezi huu wakulima wamenimalizia wino mara tatu!"

Mwenyekiti akafunua, akasoma, akasahau kubisha. "Niachie hii."

"Kuna watu wananisubiri, mzee. Njoo upange foleni."

Chepe akaipokonya, akageuka, akaondoka akipiga mluzi.