Mwiko wa Mwanasiti

Kitendawili, nawe unayesoma utegue: nikikosekana nalaumiwa, nikizidi nalaumiwa, na kwa macho sionekani chunguni. Usiseme bado, ngoja.

Mwanasiti wa Kirongwe, mpishi wa maulidi tangu ujana wake, alipotelewa na ladha mwaka mzima. Mchuzi na maji kwake vilikuwa kitu kimoja. Wenzake wakamvua mwiko kwa adabu, wakampa mbuzi ya kukunia nazi.

Ndipo wakaja watu wa utafiti wa vidonge vya zinki, kuona kama vinarudisha ladha, na Mwanasiti akajiandikisha. Wengine walipewa zinki, wengine unga mtupu, na hata binti aliyevigawa hakujua nani kapata kipi. Kila Jumatatu alimuuliza, "Bibi, unaonja nini leo?" Mwanasiti akatikisa kichwa, maana kudanganya karatasi za watu aliona haya.

Jumatatu hii, maulidi yakiwa Ijumaa, binti alimkuta ameinamia chungu cha pweza wa nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Unaonja nini leo?"

Mwanasiti akadondosha mchuzi kiganjani, akalamba. Uso ukamkunjamana. Akalamba tena, polepole, mpaka kwenye mikunjo ya kiganja. Kisha akamgeukia mumewe aliyeketi kizingitini.

"Mzee wangu, mwaka mzima umekula hivi?"

"Nimekula," akajibu mzee. "Na maji nimekunywa."

Binti alikuwa bado ameinua kalamu. Mwanasiti akajifuta kiganja kwenye kanga, akaushika mwiko sawasawa, macho yakicheka.

"Chumvi, mjukuu wangu. Andika imezidi."