Sakafu ya Marehemu

Kabla ya arobaini ya mumewe, Bi Mwanajuma alimwita fundi ang'oe vigae vya sebuleni. Aliona haya wageni wa hitima wakalie sakafu ya ovyo vile. Siwema, aliyekuwa akifanya utafiti wa hesabu na marehemu, alipofika alivua viatu, akaduwaa mlangoni.

"Mama, sakafu iko wapi?"

"Ile ya kombokombo? Nimeitupa, mwanangu."

"Nilikuja kuinakili. Ndiyo ugunduzi wake, alioupanga mwenyewe kwa vigae: mpangilio usiojirudia popote, hata ukiutandaza dunia nzima. Mimi aliniambia tu, hakumwonyesha mtu."

"Astaghfirullah! Mimi aliniita kila jioni nikaangalie. Nami nikimjibu kwamba chai inapoa."

Bi Mwanajuma alitoka uani, akapiga magoti kwenye kifusi. Aliokota vipande viwili, akavigeuzageuza, akijaribu kuviunganisha.