Bibi wa Kwenye Hadithi

Siku hizo kalamu ya mwandishi haikutoa hadithi nzuri mpaka inyonye kumbukumbu ya mtu, na mwenyewe akaisahau kabisa. Zawena alishamaliza za utoto wake, hadithi zake zikaanza kuchacha. Basi akimsuka bintiye Tabu, alimgusisha kalamu kisogoni, ikanyonya kumbukumbu zote za Tabu kuhusu marehemu bibi yake aliyemlea. Hadithi ikasifiwa kote.

Jumamosi Tabu aliisoma huku akisukwa, akafuta machozi.

“Mama, kumbe unajua hivi? Huyu bibi anayemfichia mjukuu maandazi kwenye kanga, natamani ningekuwa naye.”

“Tulia, utapindisha mistari.”

“Niandikie nyingine basi.”

Zawena alimwinamisha kichwa taratibu, asije akageuka akamwona uso.