Nafasi Kati ya Basi na Basi

"Niache nafasi au nisiache?" aliuliza mchoraji mabango kutoka juu ya ngazi. Brashi ilikuwa inadondosha rangi nyekundu. Ubaoni ilikuwa tayari imeandikwa SUPU YA BASI, na herufi nne za mwisho zilikuwa zinangoja majirani wawili wapatane.

"Usiache," alisema mkwe wa Bibi, mwenye mkahawa. "Basibasi. Neno moja. Ni kiungo."

"Acha!" alisema mshonaji wa nyumba ya pili, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Basi, halafu basi. Maneno mawili. Bibi alikuwa amechoka na nyinyi."

"Mwenzangu, wewe ulikuwa miguuni, ungesikia nini? Mimi nilikuwa kichwani."

"Na mdomo wako sikioni mwake! Mama wa watu kajilaza, mimi namkanda miguu, wewe huishi: 'Mama, unatia nini kwenye supu? Mama, tamka tu.' Akafumba macho, akasema basi, basi. Hata mtoto anayenyonya angeelewa."

Mchoraji alikuwa mgeni wa mtaa huo, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Aliona haya kuning'inia juu ya jambo zito kama hilo. "Poleni sana," alisema.

"Tumeshapoa," alijibu mkwe. "Bibi kapumzika, na alistahili. Kinachouma ni kupumzika na siri yake kifuani."

Ndani ya mkahawa, picha ya Bibi ilitazama kutoka ukutani, imezungushiwa maua ya karatasi. Chini yake wateja wa kwanza walikuwa wanakunywa supu iliyonukia kama sanduku la bi harusi. Msusi alionja kijiko kimoja, akakisindikiza kwa glasi nzima ya maji, kisha akasifu. Wengine nao wakasifu. Nani angekubali kuwa wa kwanza ambaye ulimi wake hauijui siri ya Bibi?

Wakati huo akafika mwalimu mstaafu waliyemwita Kamusi, kwa sababu ukimfungua penye B hafungiki mpaka Z.

"Basibasi," alisema bila kuulizwa, "ni lile koti jekundu linalovaliwa na kokwa ya kungumanga. Tunda moja, majina mawili. Neno tumelipata kwa Waarabu. Na hiyo Manga ya kungumanga ni huko huko Uarabuni, ilhali tunda lenyewe halijapata kuota kule. Tuliliita kwa jina la aliyetuletea. Wazungu ndiyo kabisa: inasemekana mnakili wao mmoja alikosea kuandika jina la gome fulani la kale, na kosa lake ndilo jina la basibasi kwao mpaka leo."

"Kwa hiyo, Mwalimu, niache nafasi?"

"Kihistoria, kijana wangu, kosa likikaa sana huwa ndilo sahihi."

"Mmesikia!" walipiga kelele wanawake wote wawili kwa pamoja.

Watu wakaanza kujaa. Mtaa huo haukuwa mgeni wa vita vya namna hiyo; mwaka uliopita walinuniana kwa ajili ya giligilani na dania, kila upande ukipunga majani yale yale.

"Kama unabisha," mshonaji alisema, "si ukamwulize mwenyewe?"

"Nimwulize! Tangu apumzike kamjibu nani?"

Mshonaji akainamisha macho. "Hilo kweli. Hata mimi juzi nilikwenda, nikaongea peke yangu weee, nikarudi."

Mchoraji akavua kofia.

Mkwe akamsogelea mshonaji, sauti imeshuka. "Shoga, nihurumie. Nimeacha kazi ya kufua hotelini kwa ajili ya neno hili. Ubao ukisema basi, basi, nitakuwa nimefungua mkahawa wa yatosha, yatosha. Nani ataagiza bakuli la pili?"

"La pili?" alisema mshonaji. "Mwangalie msusi na hilo la kwanza."

Juu kule mchoraji alikuwa ameanza kunusa. Harufu nzuri ilimpandia kwenye ngazi: vitunguu, mifupa iliyochemshwa kwa subira, tumbo lake likanguruma mpaka Kamusi akanyamaza.

"Supu gani hiyo?" aliuliza.

"Yangu!" mkwe alisema haraka. "Wewe chora, kaka."

Lakini haikuwa yake. Ilitoka chini ya ngazi, kwenye upenyo wa mlango mdogo wa pembeni uliokuwa umefungwa.

Mchoraji akaamua kuwaridhisha wote. Akaacha nafasi nusu, ya kidole kimoja, kila mtu asome lake, akachora B. "Inatosha!" alisema mshonaji. "Imezidi!" alisema mkwe. Msusi akatoka nje kuona, Kamusi akaanza habari za karafuu, mtu akaitikisa ngazi, na kelele zikapanda hadi dirisha la juu.

Mlango mdogo ukafunguka kwa kishindo.

"Basi, basi!" alisema ajuza mmoja, upawa mkononi. Sura yake ilikuwa ile ile ya ukutani, imekosa maua tu. "Mtu kaacha kuwapikia watu ili apumzike, hata usingizi wa mchana hamumpi!"

Mchoraji akakumbatia ngazi kwa mikono na miguu. Kopo la rangi likaanguka.

Bibi akainua macho. "Na wewe wa juu, nawe umekuja kuniuliza ninatia nini?"

"Hapana, Bibi," mchoraji alisema. "Mimi nilishawapa pole."

Bibi akausukuma mlango ukawa wazi kabisa.

"Basi shuka, mwanangu. Karibu ndani ule."