Mwavuli Mkavu

Sikukuu ya Halowini, miji mingine ya Japani ilipojaa watu waliovaa kama mizuka, mji mmoja mdogo ulikuwa na mchezo wake. Watu walijigeuza watu wa kawaida tu, waliopatwa na mambo ya kila siku, wakapanda jukwaani kusema wao ni nani.

"Mimi ni mtu aliyedanganywa na utabiri wa hali ya hewa," alisema kinyozi Tetsuo, shati limemganda kwa maji. Ukumbi ukacheka.

Akafuata Bi Fumie na miavuli miwili, mmoja umelowa, mwingine mkavu, umefungwa vizuri kwa kifungo chake.

"Mimi ni mke aliyempelekea mumewe mwavuli kituo cha treni."

Wakacheka tena. Nani hajawahi kusimama pale?

"Mume mwenyewe yuko wapi?" mshereheshaji akatania.

"Hajashuka. Tangu Machi."

Hakuna aliyejua pa kutazama.

Walipotoka, mvua ilikuwa inanyesha kwelikweli. Tetsuo alikuwa amekwama mlangoni bila mwavuli. Bi Fumie akalitazama lile shati.

"Usihangaike, Bi Fumie. Haya maji nilijimwagia bombani."

"Hiyo mvua nayo ni ya bomba?" aliuliza, na kidole chake kikaanza kutafuta kifungo cha mwavuli mkavu.