Mguu Usio na Kiatu

Kofi la tatu lilimng'oa Secondo jino. Alilitema, likabingirika sakafuni mpaka chini ya picha kubwa iliyofunikwa shuka.

"Sema," alisema Sajini. "Mundu umeutupa wapi?"

"Sikumuua mimi."

"Alfajiri ile ulikuwa wapi?"

"Mferejini. Naiba vyura wa kula."

Wanaume wa shamba la mpunga waliojazana mlangoni wakaangua kicheko. "Basi waiteni hao vyura waje watoe ushahidi!" Ila mmoja hakucheka. Huyo alikuwa ameshika kamba.

Delfina, dada yake Secondo, alisimama kando ya dirisha akifuta mikono kwenye aproni. Ulikuwa mwaka wake wa nane kumwoshea brashi Bwana Evasio Bordiga, mchoraji, na chumba hiki alikijua kuliko kwao. Macho yake hayakutoka kwenye ile shuka.

Siku nne zilikuwa zimepita tangu nyapara Gaudenzio aokotwe kando ya mfereji, kichwa kimepasuliwa kama boga, mguu wa kushoto hauna kiatu. Asubuhi hiyohiyo Secondo alirudi nyumbani suruali imelowa hadi magotini. Delfina aliifua bila kuuliza. Wiki moja kabla, kaka yake alikuwa ameapa mbele ya watu wote kwamba atamchinja nyapara yule kwa mkono wake. Tangu hapo Delfina hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila hili: asiwepo mtu aliyeona.

"Mimi niliona," alisema Bwana Bordiga. "Nilikuwa hapa hapa dirishani. Tangu siku hiyo sijalala, nachora tu."

Akaivuta shuka.

Sajini alisogeza pua mpaka karibu aguse. "Mbona sioni kitu? Minyoo mitupu ya rangi."

"Picha ina surua!" mtu akapiga kelele mlangoni.

Neno hilohilo ndilo walilomchekea Milano miaka ishirini. Bwana Bordiga hachanganyi rangi. Huweka uzi mwembamba wa bluu, kando yake wa machungwa, kando yake wa waridi, maelfu kwa maelfu, na jicho la mtazamaji ndilo linalochanganya. Picha ya Delfina na ndoo ilimla majira mawili ya baridi. Aliipeleka kwenye maonyesho ya Milano, wakairudisha ikiwa na alama ya kiatu katikati. Gaudenzio akaiomba bure, akazibia tundu la banda lake la kuku, na kila Jumapili akitoka kanisani alimpigia mchoraji salamu: "Bwana Bordiga, kuku wangu wanakushukuru!"

Sasa Bwana Bordiga hakuwa na haraka. "Rudi nyuma hatua kumi, Sajini. Wala usiguse. Hii ni rangi ya mafuta, hukaa mwezi mzima bado mbichi."

Sajini alirudi nyuma akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi alivua kofia.

Minyoo ilikuwa imegeuka watu. Secondo, skafu nyekundu shingoni, mundu juu ya kichwa chake. Chini, Gaudenzio, mdomo wazi, damu ikichuruzika kwenye maji ya mpunga. Na mguu wake wa kushoto, mtupu, mweupe, umelazwa kwenye matope.

Mlangoni kicheko kilikatika. Mjane wa nyapara alijishika kichwa. "Ndivyo nilivyomkuta! Jamani, ndivyo hivyo hivyo, hata mguu!"

Delfina aliitazama mikono ya kaka yake. Basi ni kweli. Mkono uliomkatia ugali utotoni, mama yao alipokufa, ndio huu ulioshika mundu.

"Kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Umefanya nini?"

Secondo alimtazama, damu ikimtoka puani. "Hata wewe, Delfina?"

Wakaingia wote kwa pamoja. Kigoda kilivunjikia mgongoni mwa Secondo. Mmoja alimkanyaga mkono, mwingine akamvuta nywele, na yule wa kamba akaipitisha shingoni, akakaza. Sajini alisema, "Taratibu, jamani, taratibu," lakini hakutoka aliposimama. Uso wa Secondo ulianza kuwa wa zambarau.

"Angalieni picha!" alifoka Bwana Bordiga. "Inakwenda Milano hiyo! Safari hii watanijua!"

Muuaji au si muuaji, alikuwa kaka yake. Delfina alijirusha katikati yao. Aliuma mkono ulioshika kamba mpaka akaonja damu ya mtu. Teke likampata tumboni, lingine ubavuni, kisha mtu mwenye nguvu akamwinua na kumtupa nyuma.

Aliangukia picha. Kiganja chake cha kulia kilipiga bapa kwenye ule mguu usio na kiatu, naye akateleza nacho, kwa uzito wake wote, mpaka kwenye fremu.

Wote wakageukia picha. Hata kamba ililegea.

"Umefuta ushahidi!" Sajini alinguruma. "Mwanamke mwendawazimu, umeufuta!"

Bwana Bordiga hakupiga kelele. Alikuwa akirudi nyuma, hatua moja moja, bila kuitazama picha.

Sajini alimkamata Delfina kifundo cha mkono, akamburuta mpaka dirishani na kumkunjua vidole kwa nguvu, aone ni kiasi gani cha rangi mbichi ya siku nne kilichobanduka.

Kiganja kilikuwa kikavu. Hakikuwa na doa hata moja.